Kumwajiri mwenye ulemavu si sadaka

Dodoma inajengwa kila kona, hoteli kwa ofisi, na bado nasikia waajiri wakisema: "Biashara ikikaa vizuri nitamsaidia mlemavu mmoja." Kumsaidia? Hapo ndipo tunapokosea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haizungumzii huruma: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa angalau asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu, wenye sifa za kazi hiyo. Yaani katika 100, watatu. Mazingira ya kazi nayo yarekebishwe, na mara nyingi ni mambo madogo: mteremko mlangoni wa kupitisha kiti cha magurudumu (fundi yeyote anaujenga), au maelekezo kuandikwa kwa asiyesikia. Na mshahara? Uleule wa wenzake.