Gari Linalia Nyuma: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Gari langu la kwanza lililotumika lilikuwa likivuma nyuma. Fundi wa kwanza alisema beringi, nikabadilisha zote mbili. Likaendelea kuvuma. Wa pili alisema shokapu, nikabadilisha hizo pia. Bado. Fundi wa tatu hakufungua kitu: aliyatoa matairi ya nyuma akayahamishia mbele, ya mbele akayapeleka nyuma, akaniambia niendeshe kidogo nirudi. Mvumo ulikuwa umehamia mbele, chini ya miguu yangu.

Beringi nilizozitupa zilikuwa nzima. Shokapu zilikuwa zimechoka kweli, na pengine ndizo zilizoyaharibu yale matairi, lakini tairi lililokwisha kulika vibaya halinyooki kwa sababu umefunga shokapu mpya. Tangu siku ile, mtu akiniambia gari lake linalia nyuma, simuulizi linalia wapi. Namuuliza linalia lini.

"Sikio litakuonyesha mlio ulipo"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote. Bodi ya gari ni bati lililounganishwa kuanzia mbele hadi nyuma, na mtikisiko husafiri ndani yake kwa urahisi. Beringi ya mbele inaweza kusikika kama iko chini ya kiti cha nyuma. Kwenye gari lenye buti lililo wazi kwa ndani, nafasi ile ya nyuma hufanya kazi ya tumbo la ngoma: hupokea mlio wa kwingine na kuukuza. Abiria wawili wa kiti kimoja wanaweza kuapa kwa pande mbili tofauti.

Kinachosema kweli ni wakati. Mlio unafuata mwendo wa gari au mizunguko ya injini? Unakuja ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye kona? Kwenye tuta? Ukigusa breki? Andika majibu kwenye karatasi kabla ya kwenda gereji, maana ukifika pale mlio una tabia ya kunyamaza.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Kwenye barabara tupu iliyonyooka, fika mwendo ambao mlio unasikika vizuri, kisha weka nyutro na uache gari liserereke. Usizime ufunguo hata kidogo, kwa sababu utapoteza msaada wa breki na usukani unaweza kujifunga. Mlio ukibaki vilevile na kupungua pamoja na mwendo, injini haihusiki: tafuta kwenye matairi, beringi au breki. Ukibadilika mara tu ulipotoa gia, angalia difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na propela (mtaimbo unaozunguka kupeleka nguvu kwenye difu ya nyuma), au ekzosi inayogusa bodi injini ikivuta.

Jaribio la pili ni la kuhesabu, nalo watu wengi hawalijui. Gari dogo la kawaida husogea karibu mita 2 kila tairi linapozunguka mara moja. Endesha polepole, mwendo wa mtu anayetembea, ukisikiliza. Mdundo mmoja kila mita 2 unatoka kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu: tairi lenyewe, ngoma ya breki, diski. Ukisikia kama minne katika umbali uleule, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, shuku propela, kwa sababu yenyewe huzunguka karibu mara nne gurudumu linapozunguka mara moja.

"Kuvuma ni beringi"

Mara nyingi ni tairi. Tairi lililolika kwa mabonde mabonde hutoa mvumo unaofanana kabisa na wa beringi, na hupanda kwa mwendo vilevile. Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa mepesi nyuma, kwa hiyo shokapu ikichoka au alaimenti ya nyuma ikipotoka kidogo, tairi hurukaruka au kuburutika, mpira ukalika bila usawa. Kwa macho unaweza usione kitu. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, mbele na nyuma, ndani na nje. Likiwa laini upande mmoja na lenye makali ukirudi upande wa pili, umempata mhusika. Gusa hasa ukingo wa ndani, ambao hakuna anayeukagua.

Barabara nayo hukusaidia. Mvumo wa tairi hubadilika unapotoka kwenye lami laini kwenda kwenye lami ya kokoto: hupanda, hushuka, wakati mwingine hupotea kabisa. Beringi haijali sana lami ni ya aina gani. Ukibaki na shaka, fanya alichofanya fundi wangu, ubadilishane ya mbele na ya nyuma, ilimradi saizi ni moja. Kazi hiyo inahitaji jeki, stendi na wili spana tu, na ingeniepusha kununua beringi mbili.

Ukiwa hapo chini, soma tarakimu nne zinazomalizia maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililotumika huweza kuja na matairi yenye uso mzima kabisa lakini mpira wake umezeeka. Na ukiona uvimbe, au ukisikia gari likidunda mara moja kila mzunguko na mdundo unakua siku hadi siku, usiendeshe tena na tairi hilo. Matabaka ya ndani yanaachana.

"Tairi halichezi, kwa hiyo beringi ni nzima"

Fundi ananyanyua gari, anashika tairi juu na chini, analitikisa. Halichezi. "Beringi haina shida." Hapana: jaribio hilo hugundua beringi iliyolegea tu. Beringi huanza kulia mapema zaidi, pale njia ya gololi inapopata vijishimo vidogo vidogo, na inaweza kuvuma kwa muda mrefu kabla ya kucheza.

Njia bora ni kuhisi kwa mkono. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma, kaza gari juu ya stendi, toa handibreki. Kama magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, weka nyutro. Zungusha tairi kwa mkono mmoja na mwingine uuweke juu ya springi. Beringi nzima haihisiki. Iliyochoka husaga, na utaisikia kwenye vidole kama mchanga, hata kama sikio halisikii kitu. Linganisha kulia na kushoto. Kulinganisha ndiko kunakoondoa ubishi.

Kona pia husema kitu. Ukikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto, kwa hiyo mvumo ukipanda kwenye kona ya kulia, anza kushuku kushoto. Usiifanye sheria, hasa kwa gari lililo jepesi nyuma, ambako tofauti huwa ndogo.

Na ikiwa beringi mpya nayo imeanza kulia baada ya siku chache, uliza ilifungwaje. Ile ya kubonyeza isukumwe kupitia ringi inayobana. Nguvu ikipita kwenye gololi, au ikipigwa nyundo tu, inaingia ikiwa tayari imeumia.

"Kugonga kwenye matuta ni shokapu"

Kabla ya shokapu, toa kila kitu kwenye buti. Kila kitu: tairi la spea, jeki, wili spana, triangeli, chupa za maji. Kisha pita tuta lilelile kwa mwendo uleule. Ni ajabu ni mara ngapi jeki iliyolegea ndani ya kifuko chake imelipiwa kama shokapu. Halafu kaza vitasa vya kiti cha nyuma. Kama mlango wa buti unacheza, zungushia tepu nene kwenye chuma kile ambacho kitasa hukishika, uone kama mlio unapungua.

Kisha ingia chini, gari likiwa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kamwe. Ekzosi ikiwa ya baridi, isukume kwa mkono huku na kule: mipira inayoibeba ikikatika, bomba hugonga bodi kwa sauti nzito inayowadanganya wengi. Shika vifimbo vya stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, uvitikise. Angalia bushi (mipira ya maungio) za mikono inayoshika magurudumu ya nyuma kama zimepasuka, na pale juu shokapu inapofungwa kwenye bodi. Sehemu hiyo ya juu hugonga hata kama shokapu yenyewe ni nzima.

Springi ichunguze hadi duara la mwisho, chini kabisa, kwenye kikalio chake. Hapo ndipo hukusanya maji na matope, na hapo ndipo hukatika. Kipande kilichokatika kinaweza kukaa palepale kana kwamba hakuna kilichotokea, gari likashuka kidogo tu upande mmoja. Ncha yake ikiteleza inaweza kuchana tairi ukiwa njiani.

Kubonyeza kona ya gari na kuhesabu inadunda mara ngapi hukamata shokapu iliyokufa kabisa, siyo iliyochoka. Oili inayotiririka ubavuni mwake ni ushahidi mzuri zaidi.

Jambo moja la kumsimamia fundi: bolti zinazopita katikati ya bushi za mpira zikazwe kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake, katika kimo chake cha kawaida. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hukaa umepindika muda wote na kuchanika mapema. Ukishuka na kuondoka, mlio unarudi, na spea mpya inalaumiwa bure.

"Difu inaimba, tia oili nzito"

Kwanza hakikisha difu ipo. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele, na nyuma yana mhimili mtupu na beringi zake. Nimeshuhudia mtu akiambiwa alipie difu ya nyuma ambayo gari lake halikuwahi kuwa nayo, na inaniuma kila ninapokumbuka.

Kama ipo, sikiliza inavyoitikia mguu wako. Meno yaliyolika huimba kwa sauti ya juu ambayo hubadilika ukikanyaga mafuta, ukishikilia mwendo, na ukiachia. Beringi ya gurudumu haijali mguu wako uko wapi. Tena sauti ya beringi ya pinioni ni nyembamba zaidi: pinioni (gia ndogo ya difu) ya meno 10 ikizungusha krauni (gia yake kubwa) ya meno 41, huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Oili nzito huzima sauti kwa muda na kuacha meno yakiendelea kulika. Zamani wauzaji wasio waaminifu walitia hata unga wa mbao ndani ya difu ili inyamaze siku ya kuuza. Kinachotakiwa ni oili ya daraja lililoandikwa na watengenezaji wa gari lako, mara nyingi GL-5, na kwa kiwango sahihi, ambacho kwa difu nyingi ni hadi kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta ya juu imekwama, utabaki na difu kavu. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Kuna difu zinazozuia gurudumu moja kuteleza, na hizi nyingi huhitaji kiongezo maalumu kwenye oili. Bila hicho hunguruma na kurukaruka kwenye kona kali, na mtu akaambiwa difu imekufa wakati imekosa kiongezo tu.

Jirani yake ni propela. "Ko!" moja unapohama kutoka mbele kwenda rivasi, au "kwi-kwi-kwi" gari linapoanza kuondoka, ni dalili ya krosi, yaani kiungo cha propela, iliyokauka au kulegea. Ikifunguliwa, iwekewe alama ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ikigeuzwa inaweza kuleta mtikisiko ambao haukuwepo.

Breki

Mkwaruzo wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga breki mara chache ni kutu ya usiku kwenye diski. Usioisha unaweza kuwa jiwe dogo lililonasa kati ya diski na bati jembamba lililo nyuma yake. Hupiga kelele ya kutisha, na hutolewa kwa bisibisi. Kwa breki za nyuma za handibreki ya mkono, katika eneo tupu na mwendo mdogo, bonyeza kitufe na uivute kidogo sana. Mlio ukibadilika hapohapo, uko ndani ya breki.

"Umeisha wenyewe"

Mlio ulionyamaza bila kuguswa haujapona. Ngo-ngo inayozidi kisha ikabadilika ghafla inaweza kuwa nati za tairi zinazoachia, na hilo ndilo jambo la kwanza kukagua, hasa kama tairi lilifunguliwa karibuni. Simama kando, kaza kwa mpangilio wa msalaba, kisha kagua tena baada ya kilomita chache. Tundu la rimu likiwa limeshakuwa yai, rimu hiyo imekwisha.

Na kama bado hujanunua, zima redio ambayo muuzaji ameiwasha. Teremsha vioo vyote vinne, na upite polepole kando ya ukuta mrefu, upande mmoja kisha mwingine. Ukuta unakurudishia sauti ya magurudumu, na utasikia gari lile kama ambavyo mwenye kulimiliki kwa muda mrefu amekuwa akilisikia.