Mrija wa boila ukipasuka, utazameni kwanza ndani

Malalamiko kutoka viwanda vyenye boila za mirija ya maji iliyosimama yanafanana: mrija umepasuka, basi muuza chuma ametupunja. Kabla ya kumshitaki, ukateni mrija huo mwone kilichomo.

Chini ya mrija huingia maji matupu. Yakipanda yanatoa viputo, viputo vinaungana kuwa mafungu ya mvuke, na juu zaidi mvuke hupita katikati huku maji yakibaki utando mwembamba ukutani. Utando huo ndio kinga ya chuma. Boila ikiwa na presha ya baa 10 kwenye geji, maji huwa na nyuzi 184 hivi, na ukuta uliolowa huzidi hapo kidogo tu. Utando ukikauka, chuma hupanda kwa mamia ya nyuzi. Mtafiti Nukiyama wa Japani alionyesha mruko wa namna hiyo mwaka 1934, akitumia waya ndani ya maji. Kwa hiyo ule usemi wa "kuni nyingi, mvuke mwingi" una mpaka wake, na inachosha kulirudia hili kila msimu.

Mhandisi anapokokotoa huugawa mrija vipande vipande, akijumlisha joto linaloingia na mvuke unaozaliwa. Kanuni ya mtafiti Chen ya 1966, ya kukadiria joto linalopita kutoka ukutani kwenda kwenye maji yanayochemka, hujumlisha kazi ya viputo na kazi ya mtiririko, lakini kwa ukuta safi uliolowa. Ukoko wa chokaa wa milimita 1, wenye upitishaji joto wa wati 1 kwa mita kwa kila nyuzi, kwenye ukuta unaopokea kilowati 100 kwa mita ya mraba, huongeza nyuzi 100 kwenye chuma. Hesabu ya aliyeunda boila haikuujua ukoko wenu.

Kioo cha maji, kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila, kijaribiwe kila zamu. Funga koki ya maji, fungua ya kumwaga: mvuke utoke. Funga ya mvuke, fungua ya maji: maji yatoke. Kisha funga ya kumwaga, fungua ya mvuke. Kiwango kirudi upesi. Kikisuasua, njia imeziba.

Maji yakipotea kiooni, zima feni, acha kuni, na usipampu maji: yakigusa chuma chekundu hugeuka mvuke kwa kishindo.

Mrija ukibadilishwa, mkaguzi wa boila aitwe kabla ya kuwasha, boila ipimwe kwa presha ya maji. Akiona hatari anaweza kuzuia mtambo usitumike, na kuuwasha kabla hajaondoa zuio ni kosa. Valvu ya usalama iliyofungwa waya isifunguke ni hatari isiyo na mjadala.