"Ni cc 85 tu": pikipiki ndogo ya mbio si boda

Ukifika Garuga, kwenye uwanja wa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo) nje ya barabara ya Entebbe, hukosi kumsikia mzazi: "Ya mtoto ni cc 85 tu. Boda ni cc 100 na inapiga kazi kutwa. Hii itasumbua nini?" Itasumbua, tena kwa udogo huohuo. Boxer, boda ya cc 100, hufikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 7,500 hivi kwa dakika. Ile ya mbio hupita 11,000. Ndiyo maana umri wa pistoni yake huhesabiwa kwa saa za kukimbia, si kilomita.

Adui mkubwa ni lile vumbi jekundu. Chujio la hewa ni sifongo: lioshe kila baada ya siku ya mbio, likauke, kisha lipake oili yake mpaka linate vidoleni. Usilioshe kwa petroli kama wafanyavyo mafundi wengi (nami zamani). Huyeyusha gundi ya maungio, vumbi likapenya hadi kwenye silinda.

Oili ya injini hii ya mipigo miwili huchanganywa na petroli. Kwa uwiano wa 40 kwa 1, lita moja hutiwa mililita 25. Pima kwa bomba la sindano, si kwa jicho.