Je, wajua kwa nini muuza wiski wa Uskoti ndiye aliyewapa Wamarekani kombe lao la soka?

Ukiwauliza watu soka la Marekani lilianza lini, wengi watamtaja Pelé na New York Cosmos, mwaka 1975. Vijana wa leo watakuambia Messi. Kumbe Pelé alipotua New York, Wamarekani walikuwa wamekwisha kugombea kombe la taifa kila mwaka tangu 1914, vita viwili vikuu vya dunia vikiwa vimepita katikati bila kulisimamisha. Na aliyelitoa hakuwa Mmarekani wala mtu wa mpira. Alikuwa Thomas Dewar, mzaliwa wa Perth, Uskoti, muuza wiski.

Dewar alikwenda London mwaka 1885 akiwa kijana wa miaka 21 kuitafutia soko wiski ya familia, na kazi hiyo aliifanya kwa mbwembwe. Kwenye maonyesho ya watengeneza pombe jijini humo, wenzake wakiwa wametulia kwenye meza zao, yeye alimleta mpiga zumari wa Kiskoti aliyevaa sketi ya kwao, akapuliza mpaka ukumbi mzima ukageuka kutazama. Waandaaji walikasirika, lakini jina la Dewar likawa limeshashika. Marekani nako lilifika mapema: mwaka 1891 tajiri wa chuma Andrew Carnegie, naye Mskoti kwa kuzaliwa, aliagiza pipa dogo la wiski hiyo lipelekwe Ikulu kwa Rais Benjamin Harrison.

Mtu wa namna hiyo akiona kikombe cha fedha haoni pambo, anaona tangazo ambalo magazeti yatalibeba bure. Mwaka 1898, akiwa ametoka kushika cheo cha sherifu wa London, alitoa ngao ya kushindaniwa na timu ya wachezaji wa kulipwa na timu ya wachezaji wa ridhaa, na ngao hiyo ndiyo iliyozaa Ngao ya Jamii ya Uingereza ya leo. Baadaye akatoa kombe la magari pia. Kampuni ya Cadillac ililichukua baada ya majaribio ya 1908, ambapo magari yake matatu yalifunguliwa vipande vipande, vipuri vikachanganywa, yakaundwa upya na yakatembea vizuri tu. Kwa hiyo alipotoa kombe la soka la Marekani mwaka 1912, lilikuwa moja tu katika mengi, na sidhani lilimkosesha usingizi.

Huko Marekani mpira ulikuwa na wenyewe, lakini wenyewe hawakuelewana. Chama cha kwanza kiliundwa Newark, New Jersey, mwaka 1884, na kilikuwa na kombe lake. Mabingwa wa misimu mitatu ya mwanzo, 1885 hadi 1887, walikuwa Clark O.N.T., timu ya kiwanda cha nyuzi za kushonea cha ukoo wa Clark kutoka Paisley, Uskoti. Herufi hizo tatu zilikuwa jina la uzi wenyewe. Wachezaji walikuwa wafanyakazi waliovuka bahari wakiufuata mshahara, wakaja na mpira wao. Kutoka hapo kombe likahamia Fall River, Massachusetts, mji wa viwanda vya pamba uliojaa watu wa Lancashire, Uingereza.

Mwaka 1911 kikaanzishwa chama kingine New York, na mwaka uliofuata vyote viwili vikapeleka madai yao kwenye mkutano wa FIFA uliofanyika Stockholm, kila kimoja kikitaka kutambuliwa. FIFA haikutaka kuamua ugomvi wa ndani ya nyumba ya mtu, ikawataka wapatane kwanza. Aprili 1913 likaundwa shirikisho la taifa, na kombe la Dewar, ambalo lilikuwa mikononi mwa chama kile cha New York, likawa kombe la wote. Fainali ya kwanza ilipigwa Mei 1914 huko Pawtucket, Rhode Island, Brooklyn Field Club wakiwafunga Brooklyn Celtic 2-1. Uwanja ulikuwa wa Coats, wenye viwanda vya nyuzi, Waskoti wa Paisley kwa mara nyingine.

Ukisoma orodha ya mabingwa waliofuata utadhani umeshika kitabu cha kumbukumbu cha chemba ya biashara. Bethlehem Steel, timu ya kiwanda cha chuma cha Pennsylvania, ilibeba mara tano kati ya 1915 na 1926. Mwaka 1920 wakachukua Ben Millers wa St. Louis, jina la kampuni ya kofia, na 1921 Robins Dry Dock, gati la kutengenezea meli la Brooklyn. Mwaka 1922 ikawa zamu ya Scullin Steel, chuma tena. Hao Scullin walifika fainali ya 1923 pia, wakatoka sare 2-2 na Paterson, kisha wakashindwa kupeleka timu kwenye marudiano: kulikuwa na majeruhi, na wachezaji wengine walikuwa wamekwenda zao kucheza besiboli. Paterson wakapewa kombe mezani.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima. Mwenye chupa ya Dewar aliificha, ilhali kombe la Dewar liliinuliwa hadharani kila mwaka. Bingwa wa 1933 na 1934 alikuwa Stix, Baer and Fuller, duka kubwa la St. Louis. Marufuku ilipoondolewa, timu hiyohiyo ikapata mdhamini mwingine, ikatetea ubingwa wa 1935 kwa jina la Central Breweries. Kiwanda cha bia.

Udhamini huo ulikuwa na upande wake mbaya, maana tajiri akijitoa, timu inakufa. Mwaka 1928 ligi ya kulipwa iliziamuru klabu zake zisusie kombe kwa sababu lilivuruga ratiba. Bethlehem Steel walikaidi, wakafungiwa, na kufikia 1930 timu ikavunjwa. Miongo iliyofuata kombe liliokolewa na klabu za jamii za wahamiaji: Waukraine wa Philadelphia, Wagiriki wa New York waliolichukua mara tatu mfululizo, 1967 hadi 1969, na Wayahudi wa Maccabi ya Los Angeles. Cosmos ya Pelé na klabu nyingine za ligi yao hazikushiriki kabisa, na nadhani hapo ndipo ulimwengu ulipolisahau.

Kikombe chenyewe kilistaafishwa mwaka 1979 kwa uchakavu. Mashindano yakaendelea, na mwaka 1999 yakapewa jina la Lamar Hunt, mwana wa tajiri wa mafuta wa Texas na mmiliki wa klabu. Mwaka huohuo Rochester, timu ya daraja la pili, iliwatoa mmoja baada ya mwingine vigogo wanne wa ligi kuu ya MLS, wa mwisho Colorado kwa 2-0 kwenye fainali, ikabeba kombe.