Timu za vyuo vya Marekani hazishuki daraja

Upo ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu: eti timu ya chuo inayocheza futiboli ya Kimarekani ikihama konferensi, imepanda au imeshuka daraja. Si hivyo. Konferensi ni umoja wa vyuo: wanachama hupiga kura kumpokea mgeni, naye mara nyingi hulipa ada nono ya kujitoa alikotoka. Kivutio kikubwa ni fedha za televisheni. Ndiyo maana mwaka 2024 vyuo viwili vya California vilijiunga na umoja wenye jina la Atlantiki, bahari ya upande wa pili wa nchi! Tunachanganya kwa kuzoea ligi zetu za soka. Kuhakiki, tazama timu iliyoshika mkia, kisha ratiba ya msimu unaofuata. Kama haikuhama yenyewe, utaikuta palepale. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.