Jeshi Dogo la Mezani: Dhana Potofu Zinazochelewesha Brashi

Vijana wanaoanza michezo ya vita vya mezani, inayochezwa kwa majeshi ya sanamu ndogo, hapa Mbeya, pamoja na wenzao wachache wa Iringa na Njombe, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Sanamu zimekwisha kuunganishwa na sheria za mchezo zimeeleweka, lakini jeshi lote bado lina rangi ya kijivu ya plastiki, kwa sababu sanamu mbili tatu za kwanza zilimaliza wiki nzima na mwenyewe akakata tamaa. Wengi hujilaumu kwamba hawana kipaji cha uchoraji. Mimi naamini kwamba kinachowakwamisha ni mawazo kadhaa yasiyo sahihi kuhusu kazi hii, na kwamba karibu yote yana mzizi mmoja, nao ni kulichukulia jeshi kama sanamu thelathini zinazojitegemea, ilhali mezani jeshi huonekana kama kitu kimoja.

Dhana: Sanamu moja imalizwe kabisa kabla ya kugusa inayofuata

Dhana hii hupendwa kwa sababu inaleta furaha ya haraka: mtu anamaliza sanamu ya kibwengo mmoja, anaitazama, anaridhika. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya muda wa kupaka rangi haitumiki kwenye kupaka. Hutumika kufungua vikopo, kuchanganya, kuzimua kwa maji, kuosha brashi, kusubiri tabaka likauke na kuamua rangi gani ifuate. Anayepaka sanamu moja moja hurudia shughuli hizo zote mara thelathini.

Ukweli ni kwamba kikosi kinapaswa kupakwa kwa mstari. Sanamu kumi husimamishwa kwa safu, ngozi ya zote hupakwa kijani, kisha nguo za zote hupakwa kahawia, kisha ngozi za mikanda na viatu, kisha vyuma. Brashi inapofika kwenye sanamu ya kumi, ile ya kwanza imekwisha kukauka, na hivyo muda wa kusubiri unatoweka wenyewe. Kuna faida nyingine ambayo wanaoanza huwa hawaifikirii: rangi iliyochanganywa mara moja na kupakwa kwenye sanamu zote hufanana, wakati rangi iliyochanganywa upya kila jioni hutofautiana, na kikosi huonekana kana kwamba kimeokotwa kutoka majeshi matatu.

Safu nayo ina kipimo chake. Sanamu tano hadi kumi zinatosha. Anayepanga thelathini zote kwa pamoja hupaka mikanda jioni nzima bila kuona kitu chochote kinachokamilika, mkono unachoka, na usafi wa kazi unashuka kuanzia katikati. Ni bora vibwengo thelathini wagawanywe makundi matatu, kila kundi likamilike hadi vanishi, ndipo lingine lianze.

Mpangilio wa rangi ndani ya safu una kanuni moja ya msingi: anza na sehemu za ndani na zile zinazochafua, malizia na sehemu za nje na zile ndogo. Ngozi hutangulia nguo, kwa kuwa kupaka ukingo wa vazi juu ya ngozi iliyokwisha kupakwa ni rahisi kuliko kuingiza brashi chini ya vazi. Deraya za chuma zinazopakwa kwa brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa rangi karibu yote kisha ikapitishwa juu ya miinuko, zipakwe mapema kabisa, kwa sababu njia hiyo hurusha rangi pembeni hata kwa mkono wenye uzoefu.

Kati ya askari wa kawaida kuna sanamu moja tu inayostahili kupakwa peke yake mwanzo hadi mwisho, nayo ni ile ya majaribio. Kwa sanamu hiyo mchoraji huamua rangi, hupima kama zinapatana, na huandika katika daftari mfuatano wa hatua pamoja na uwiano wa mchanganyiko. Daftari hilo lina thamani kubwa pale mtu anapotaka kuongeza kikosi kipya mwaka mmoja baadaye.

Kwa kushikilia, sanamu hubandikwa kwenye vifuniko vya soda, au tano pamoja kwenye kipande chembamba cha ubao. Mabaki ya paini hayana shida kupatikana kwa maseremala katika nyanda hizi zenye misitu ya kupandwa kama ule wa Sao Hill kule Mufindi. Kidole kikishika ubao, hakigusi rangi mbichi.

Dhana: Kila askari apakwe kwa kiwango cha maonyesho

Sanamu nyingi za aina hii zina kimo cha milimita 28 hadi 32. Wakati wa mchezo mtu huziona kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa au zaidi, akiwa amesimama. Kwa umbali huo jicho linashika mambo machache: tofauti ya mwanga na giza, uso, rangi kuu za kikosi, na ardhi ambayo askari anasimama juu yake. Vifungo vya koti na mishono ya viatu havionekani kabisa. Saa moja iliyotumika kwenye vifungo vya askari wa mstari wa nyuma imepotea.

Hata wenye michezo wenyewe hawadai maonyesho. Games Workshop, kampuni ya Nottingham nchini Uingereza, katika toleo la 2020 la mchezo wake wa vita vya mezani, Warhammer 40,000, iliweka pointi 10 kati ya 100 kwa jeshi lililopakwa rangi kwa kiwango cha msingi: sehemu kuu ziwe na rangi na kitako, yaani kibao kidogo ambacho sanamu husimama juu yake, kiwe kimekamilishwa. Hakuna anayepima mboni za macho.

Hii haimaanishi kazi ya hovyo. Inamaanisha kwamba muda ugawanywe kwa haki, na haki hapa si usawa. Askari wa kawaida wapate rangi safi, kivuli na mwanga mmoja wa kuinua. Kiongozi, mbeba bendera na zimwi kubwa moja wapate jioni zao kamili, kwa sababu jicho la mtazamaji huwaendea hao kwanza, na ubora wao huwapandisha hadhi wote walio nyuma yao.

Tofauti ya mwanga na giza inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo siri ya sanamu ndogo. Mkunjo wa shuka la mtu mzima hutengeneza kivuli halisi, lakini mkunjo wenye kina cha nusu milimita hautoi kivuli cha kutosha kuonekana, hivyo mchoraji lazima akipake. Njia ya haraka kuliko zote huanza kwenye praima, yaani tabaka la kwanza linalofanya rangi nyingine zishike: sanamu zote hupuliziwa nyeusi kila upande, kisha hupuliziwa nyeupe au kijivu hafifu kutoka juu tu, mahali ambapo jua lingetokea. Kwa dakika chache safu nzima inakuwa na mwanga wake na giza lake, na matabaka membamba ya rangi yanayofuata huuruhusu mpangilio huo uonekane.

Dhana: Rangi ikiwa nzito, inafunika kwa mara moja

Rangi nzito hufunika, ni kweli, lakini hufunika pia pua, vidole na minyororo ambayo mchongaji aliifanyia kazi kwa uangalifu. Huacha pia michirizi ya brashi isiyofutika. Matabaka mawili membamba hukauka haraka na hufunika sawasawa. Nyekundu na njano ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu rangi zake nyingi hupitisha mwanga. Zisipakwe juu ya nyeusi moja kwa moja. Njano ikitanguliwa na kahawia ya mchanga, na nyekundu ikitanguliwa na kahawia au waridi, kazi inapungua sana.

Hapohapo ndipo linapozuka swali la rangi za bei nafuu. Wapo wanaosema kwamba bila rangi za kuagiza kutoka Ulaya kazi hii haiwezekani, na wapo wanaosema rangi ya maji ya ukutani inatosha. Wote wawili wamekosea. Rangi ya ukutani hutengenezwa ikiwa na vijazo kama chokaa laini ili ifunike ukuta mpana, na juu ya uso wenye ukubwa wa punje ya mahindi huacha chembe zinazoonekana. Rangi za akriliki za wanafunzi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule hufaa kwa vitako, mbao na nguo za kahawia, ingawa huhitaji tabaka la ziada. Fedha ya akiba iwekwe kwenye rangi chache nzuri: nyeupe, nyeusi, ya chuma, na rangi kuu ya jeshi. Jeshi dogo linahitaji rangi tano hadi saba tu, na uchache huo ndio unaolifanya lionekane jeshi moja.

Praima ya magari ya kopo la kupuliza, inayopatikana kwenye maduka ya rangi za magari, hushika vizuri kwenye sanamu za chuma. Kwa plastiki tahadhari ni ya lazima. Sanamu nyingi za plastiki ni polistirini, na tina kali pamoja na asetoni huiyeyusha. Kopo lolote lijaribiwe kwanza kwenye kipande cha fremu ambayo sanamu zilikatwa kutoka kwake, na asubuhi ndipo uamuzi ufanyike. Sanamu za rezini nazo zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kabla ya praima, kwa kuwa mara nyingi hutoka kwenye kalibu zikiwa na mafuta.

Kuhusu brashi nitasema kwa kifupi. Brashi yenye nywele tatu haimpi mtu usahihi, kwa sababu rangi hukauka kwenye ncha kabla haijafika kwenye sanamu. Brashi namba 1 au 2 yenye ncha nzuri hubeba rangi ya kutosha na hupaka hata jicho. Isizamishwe hadi kwenye pete ya chuma, na ioshwe kwa sabuni ya mche kila jioni.

Dhana: Rangi za mkupuo mmoja zimemaliza kazi yote

Mwaka 2019 Games Workshop ilitoa rangi za Contrast, ambazo hutiririka kwenye mabonde na kubaki nyepesi kwenye miinuko, hivyo hutoa rangi na kivuli kwa mpigo mmoja. Kampuni nyingine zimefuata. Rangi hizi ni msaada mkubwa kwa manyoya, nywele, mifupa na nguo zenye mikunjo. Juu ya ngao bapa au mwili laini wa mashine huacha madoa kama ya maji yaliyokaukia mahali, na juu ya praima nyeusi hazionekani kabisa. Anayezitumia achague majeshi yenye umbile la mikwaruzo mingi, na kila ziada inayotuama afyonze kwa brashi yenye unyevu kabla haijakauka.

Njia ya zamani zaidi ya kivuli cha haraka ni vanishi ya mbao yenye rangi ya kahawia, ile ya mafuta ambayo maseremala wetu hutumia, ikipakwa kwa brashi juu ya rangi zilizokauka. Isiwe ile inayozimuliwa kwa tina kali. Hukauka kwa siku nzima na huacha mng'ao mkali, ambao baadaye huondolewa kwa vanishi isiyong'aa. Kwa jeshi la mifupa matokeo yake ni mazuri sana.

Dhana: Hali ya hewa haina uhusiano na kazi ya ndani

Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi kwenye nyumba zenye joto la kudhibitiwa. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Akriliki hukauka kwa maji kuondoka na chembe za plastiki kushikana. Baridi ikizidi, kushikana huko hukosa nguvu na tabaka hubaki dhaifu. Kopo la kupuliza nalo hupoteza msukumo na kutema matone. Basi katika miezi hiyo upuliziaji usubiri saa sita mchana, na kopo liwekwe kwanza ndani ya maji vuguvugu, kamwe lisisogezwe karibu na jiko la mkaa.

Septemba na Oktoba tatizo linageuka. Hewa ni kavu, upepo unabeba vumbi, na rangi hukauka juu ya kisahani kabla haijatumika. Dawa yake ni kopo bapa la plastiki lenye spongi iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi iliyowekwa hapo hubaki mbichi jioni nzima, na kifuniko kikifungwa hufika kesho.

Kisha mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na kule Tukuyu unyevu hauishi hata baada ya hapo. Huu ndio wakati ambapo vanishi ya kupuliza huharibu kazi ya miezi, kwa kuwa unyevu hunaswa ndani ya tabaka na sanamu hufunikwa na ukungu mweupe. Wapo wanaohitimisha kwamba vanishi haifai na kuiacha kabisa, lakini vidole vina mafuta na jasho, na ncha za mikuki zitavuliwa rangi baada ya michezo michache. Wakati wa mvua vanishi ipakwe kwa brashi, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha.

Vitako vya jeshi huachwa mwisho na kudharauliwa, ilhali ndivyo vinavyoziunganisha sanamu zote kwa gharama ndogo kuliko hatua yoyote. Gundi nyeupe ya mbao na udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la chai vinatosha. Udongo ukaangwe kwanza kwenye karai ili kuua kuvu, kisha uloweshwe gundi iliyozimuliwa baada ya kubandikwa. Anayetaka mandhari kamili anaweza kuiga nguzo za udongo za Isimila, karibu na mji wa Iringa, kwa vipande vya jiwe jepesi la kusugulia miguu vilivyopakwa kahawia-nyekundu na kupitishwa brashi kavu ya rangi ya mchanga. Ukingo wa kila kitako upakwe rangi moja ileile, hata ya sanamu zitakazoongezwa baadaye.