Je, wajua kwa nini herufi zingine zinakaa kama zinacheza ngoma?

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Mtwara mjini, dada yangu anamtoa mwali Desemba kwa hiyo tulienda kuchapisha kadi za mwaliko, sasa kijana wa kompyuta akawa anatubadilishia fonti, yaani mitindo ya herufi, moja baada ya nyingine na dada anakataa tu, hii imenuna, hii kama barua ya mahakamani, mpaka ikaja moja ya mviringo mviringo akasema eeh, hiyo hiyo, hiyo inacheka. Nikarudi nyumbani na swali, herufi inachekaje? Nani aliyekaa chini akaifanya icheke?

Nilichokuta ni kwamba nyingi zimetoka kwenye kitu cha kawaida kabisa alichokuwa nacho mtu mkononi au mbele ya macho yake.

Comic Sans, ile ambayo karibu kila mtu kashaiona, ilianza kwa sababu ya mbwa. Mwaka 1994 Vincent Connare alikuwa anafanya kazi Microsoft, akaonyeshwa programu ya watu wasiozoea kompyuta, ndani yake kuna katuni ya mbwa anaongea kwa vile viputo vya maneno, na maneno yenyewe yameandikwa kwa Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la London. Akaona hapana, mbwa wa katuni haongei kama gazeti. Akatoa vitabu vya katuni alivyokuwa navyo, akaangalia wachoraji wanavyoandika kwa mkono ndani ya viputo, akachora herufi za namna hiyo. Fonti ilichelewa, haikuiwahi ile programu, ila baadaye ikapenya kwenye kompyuta za dunia nzima.

Mistral nayo ni mwandiko wa mtu. Roger Excoffon, Mfaransa mzaliwa wa Marseille, aliitoa mwaka 1953 kutokana na mwandiko wake mwenyewe, herufi zinashikana mikono kama mtu anaandika haraka haraka, na jina akalichukua kwenye upepo mkali wa baridi wa kusini mwa Ufaransa, yaani ni kama mtu wa pwani ya huku atengeneze fonti aiite Kusi.

Iliyonigusa zaidi ni Neuland. Mwaka 1923 Rudolf Koch, aliyekuwa anafanya kazi Offenbach, Ujerumani, alikata herufi zake moja kwa moja kwenye chuma bila kuzichora kwanza kwenye karatasi, ndo maana ni nene, zina kona kona, na herufi ile ile ukiiangalia kwenye saizi nyingine haifanani sawasawa na mwenzie. Mtu aliyewahi kukaa pembeni ya mchongaji wa Kimakonde hapo hahitaji maelezo marefu, fundi ana gogo la mpingo, tezo na patasi, mchoro hana, anaufuata mti ulivyopinda na umbo linatokea humo humo. Sasa kinachoniuma, nje huko Neuland imegeuzwa kuwa sura ya Afrika, utaikuta kwenye mabango ya safari za mbuga na majalada ya vitabu vinavyoihusu Afrika, wakati Koch alikuwa anatafuta sura mpya ya yale maandishi meusi mazito ya kizamani ya Wajerumani wenzake. Sisi tuna herufi zetu jamani. Angalia jina la kanga lilivyopangwa pale chini, herufi kubwa tupu, unalisoma mama akiwa ng'ambo ya barabara.

Na kuna wachora mabango. Brashi ya bapa ukiivuta chini inatoa mstari mnene, ukiipeleka pembeni mwembamba, na fundi akikaribia kumaliza ubao nafasi haitoshi anazibana herufi za mwisho, zinabebana, na hapo ndo bango la kinyozi linapata ule uchangamfu. Herufi za hivyo zipo ukutani kuanzia Mikindani mpaka Lindi, na ukuta ukipakwa rangi upya zinapotea. Kijana mwenye simu anaweza kuanza kuzihifadhi leo, amwombe fundi ruhusa, fundi amwandikie A mpaka Z kubwa na ndogo na namba 0 mpaka 9, ni maumbo 62 tu, apige picha kisha aziingize kwenye kompyuta kwa FontForge, programu ya bure, na jina la fundi liandikwe humo humo kwenye fonti. Mi ningeanza na yule wa kinyozi.